Saa za Kabla ya Jokofu: Mhadhara kwa Wananchi wa Nyamwaga juu ya Kuhifadhi Chakula kwa Baridi

  

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuhifadhi chakula kwa usalama katika jokofu na friza za nyumbani. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya mjini. Nawaomba watazame walipo. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ukaanza kazi mwaka 2007, na leo nyaya zinapita juu ya migomba yetu. Nyamwaga ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime. Hospitali iko hapa, na mgodi wa Nyamongo uko jirani. Watumishi wanapanga nyumba, mama lishe wanaongezeka, na karibu kila duka la kando ya barabara lina friji ya soda. Jokofu limekwisha kuingia majumbani. Elimu ya kulitumia ndiyo iliyochelewa njiani.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio yake ya kwanza ya magonjwa yatokanayo na chakula: watu milioni 600 huugua kila mwaka duniani na 420,000 hufariki. Kwa kanda ya Afrika ni wagonjwa milioni 91 na vifo 137,000. Duniani kote, karibu theluthi ya wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka mitano.

Lengo langu ni kuwathibitishia jambo moja: jokofu hulinda usalama ambao chakula kimeingia nao, na halirudishi usalama uliokwisha kupotea. Sisi wafugaji tunalijua hili kwenye zizi. Zizi humlinda ng'ombe aliyeingia mzima, lakini halimponyi aliyeingia mgonjwa, na huyo mgonjwa huwaambukiza wenzake. Nitalieleza jambo hilo kwa hoja saba.

Hoja ya kwanza: Baridi huchelewesha vijidudu, haiviui

Bakteria wengi wanaoharibu chakula na kutuumiza hustawi kati ya nyuzijoto 5 na nyuzijoto 60. Chini ya 5 hupunguza mwendo, na juu ya 60 huanza kufa au hushindwa kuzaana. Katikati hapo ndipo penye hatari. Bakteria mmoja anayejigawa kila dakika 20 huwa wanane baada ya saa moja, na kabla saa nane hazijatimia, wamepita milioni mbili.

Kwa hiyo jokofu linatakiwa liwe na nyuzijoto kati ya 0 na 4, na friza iwe nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Mtaniuliza: usiku wa Tarime una baridi, je, hautoshi? Hautoshi. Baridi inayokufanya utafute blanketi bado ni joto zuri kwa bakteria.

Na hata katika nyuzijoto 4 wapo wanaoendelea kuishi. Maziwa mabichi ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kutupa mimba, unaoitwa brusela, yakiwekwa kwenye friji hubaki na ugonjwa wake, na anayeyanywa anaweza kupata homa zisizokwisha na maumivu ya viungo. Dawa ya maziwa hayo ni kuchemshwa. Yupo pia bakteria aitwaye listeria, ambaye huongezeka polepole ndani ya jokofu lenyewe. Afrika Kusini, katika miaka ya 2017 na 2018, listeria iliyotoka kwenye poloni, nyama ile ya kiwandani inayoliwa bila kupikwa tena, iliwapata watu zaidi ya 1,000 na kuua zaidi ya 200. Sehemu kubwa ya waliougua walikuwa watoto wachanga, ambao listeria huwapata tangu tumboni mwa mama. Akina mama wajawazito mlioko hapa, nyama ya kiwandani ya aina hiyo ipikeni mpaka itoe mvuke kabla ya kula, hata kama imetoka kwenye friji safi kabisa.

Hoja ya pili: Usalama huhesabiwa tangu buchani, mwaloni na zizini

Chakula kinachoharibika upesi kisikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili. Siku za jua kali, joto likipita nyuzi 32, hesabu saa moja. Lakini saa hizo tunazianzia wapi?

Tufuate kilo moja ya nyama. Ng'ombe amechinjwa alfajiri. Nyama imening'inizwa buchani bila baridi. Saa nne asubuhi mama ameinunua, akaiweka kwenye mfuko, akapita kununua unga, akapita kwa fundi cherehani, akasimama msibani kutoa pole. Saa nane mchana anafika nyumbani na kuifungia kwenye friji, moyo umetulia. Friji imeipokea nyama iliyokwisha kuwa na jeshi la bakteria. Mama huyu hajafanya uzembe wowote. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba saa ilianza kuhesabu mapema vile. Dawa yake ni nyepesi: nyama iwe kitu cha mwisho kununuliwa, iende moja kwa moja nyumbani, na kikapu kiwe na chupa ya maji yaliyoganda.

Samaki anadai haraka zaidi. Sangara na sato wanaofika kwetu hutoka Musoma, Shirati na mialo mingine ya Ziwa Victoria. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili zaidi ya mara moja. Mwaka 1998 ilikuwa kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 kwa hofu ya sumu za kuulia wadudu zilizodaiwa kutumika katika uvuvi. Viwanda vya minofu na mialo vililazimika kusimamia usafi na barafu kwa ukali kuliko zamani. Mlaji wa Ulaya alilindwa. Mtoto wa Nyamwaga naye anastahili samaki aliyelala kwenye barafu. Wauza samaki, nawaomba beseni lenu liwe na barafu chini na juu ya samaki. Nanyi wanunuzi, fungueni mashavu muone wekundu wake, tazameni jicho kama linang'aa, bonyezeni nyama muone kama inarudi. Samaki asiyepita mtihani huo friza haitamsaidia.

Maziwa nayo: chemsha, funika, weka sufuria kwenye beseni la maji baridi mpaka joto lishuke, kisha ingiza kwenye jokofu, sehemu ya ndani kabisa. Yasikae mlangoni, kwa maana mlango hupata joto kila unapofunguliwa.

Hoja ya tatu: Kiporo hupozwa haraka

Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea, na kwa nia njema. Tunapika sufuria kubwa ya nyama au maharage kwa ajili ya wageni. Watu wanakula, wanatosheka, sufuria inafunikwa na kuachwa juu ya mafiga mpaka asubuhi. Juu pamepoa, lakini chovya mwiko mpaka katikati utakuta vuguvugu. Vuguvugu hilo hukaa kwa saa nyingi. Wapo bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemka. Moto ukizimwa, mbegu zile huamka ndani ya mchuzi wa vuguvugu na kuanza kuzaana. Wali una mbegu za aina hiyo pia, na sumu inayotengenezwa ndani ya wali uliolala nje haiondoki kwa kupashwa moto.

Sumu nyingine hutoka mikononi mwetu. Bakteria aitwaye stafilokokasi huishi puani na kwenye vidonda vya vidole. Akiingia kwenye chakula kilichopikwa na kuachwa nje, huacha sumu ambayo hata ukiichemsha tena inabaki. Ndiyo maana ile kauli ya "nitakichemsha vizuri kesho" haitoshi kumtuliza mtu.

Fanyeni hivi. Chakula kikibaki, kigaweni papo hapo kwenye vyombo vipana na vifupi, kina chake kisizidi vidole vitatu. Vyombo hivyo viwekeni kwenye beseni la maji baridi na koroga mara mbili tatu. Mvuke ukiisha, na kabla saa mbili hazijapita, funika na uingize kwenye jokofu. Usiingize sufuria nzima ya moto, maana itapandisha joto la maziwa na nyama vilivyokuwa salama. Kiporo kilichopozwa hivi hukaa siku tatu hadi nne. Ukikitoa, pasha kiasi cha mlo mmoja tu, mpaka kichemke na kutoa mvuke kote, na kilichopashwa kisirudishwe tena.

Hoja ya nne: Kila kitu kina mahali pake

Ukifungua friji nyingi za kwetu utakuta mfuko wa nyama mbichi juu, maji ya damu yanadondoka, na chini yake bakuli la mboga lisilo na kifuniko. Mboga ile imekwisha kupikwa na italiwa hivyo hivyo. Kanuni ni moja: kilichopikwa na kinacholiwa bila kupikwa kikae juu, kibichi kikae chini kabisa, ndani ya chombo kisichovuja.

Kuku mbichi, samaki na nyama ya kusaga vikae siku moja au mbili tu. Nyama ya vipande vikubwa siku tatu hadi tano. Zaidi ya hapo, igandishwe tangu siku ya kwanza, wakati bado ni njema. Viazi, vitunguu na ndizi mbichi havihitaji jokofu. Viacheni penye hewa na kivuli, mpate nafasi. Jokofu lililojazwa mpaka mlango unasukumwa kwa goti halipoi, kwa sababu hewa ya baridi haina njia ya kuzunguka.

Niseme na wafugaji. Najua wengi huweka chanjo za kuku na dawa za ng'ombe kwenye friji ya chakula, na wapo wagonjwa wa kisukari wanaohifadhi insulini humo. Vitu hivi viwe kwenye kopo lake lenye mfuniko, lililoandikwa jina, mbali na mikono ya watoto. Insulini isiingie kwenye friza, kwa kuwa ikiganda imeharibika.

Tazameni pia mpira wa mlango. Bana karatasi kwenye mlango uliofungwa, kisha ivute. Ikitoka bila ubishi, mpira umelegea, baridi inatoroka, na units zako za umeme wa LUKU zinatoroka nayo.

Hoja ya tano: Friza husimamisha, haisafishi

Kugandisha huwalaza bakteria. Wengi huamka barafu ikiyeyuka, na huamka na njaa. Kwa hiyo kinachoingia kwenye friza kiwe safi, na kinachotoka kitolewe kwa utaratibu.

Nyama ikatwe vipande vya mlo mmoja, iwekwe kwenye mifuko safi, ibanwe hewa itoke, ilazwe bapa. Pande la kilo tano likiingizwa zima, nje huganda na ndani hubaki laini kwa saa nyingi. Andika tarehe. Mfuko usio na tarehe hukaa mwaka mzima, kila mtu akidhani ni wa juzi.

Kuyeyusha ndiko penye mtego. Tumezoea kutoa nyama asubuhi, kuiweka juu ya meza, na kuikuta jioni imelegea. Nje yake imekuwa kwenye joto la hatari mchana kutwa. Hamishia nyama kutoka friza kwenda sehemu ya chini ya jokofu tangu jana yake usiku. Ukiwa na haraka, izamishe ikiwa ndani ya mfuko usiovuja kwenye maji baridi, ubadilishe maji kila nusu saa, na uipike mara tu inapolainika.

Sasa niwaseme wenye maduka, kwa upendo. Friza moja inauza barafu za juisi kwa watoto, inagandisha maji, na humo humo jirani ameomba awekewe kilo mbili za nyama. Ujirani huu ni mzuri na sitaki ufe. Lakini maji ya damu ya nyama ile, umeme ukikatika, hutiririka juu ya barafu ambayo mtoto wa darasa la pili atainyonya kesho saa nne. Hataipika barafu ile. Ataiweka mdomoni. Tafuteni ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya nyama za majirani, na ikae chini. Bei ya ndoo ni ndogo kuliko gharama ya kitanda kimoja cha hospitali.

Hoja ya sita: Umeme ukikatika, hesabu saa

Umeme wetu hukatika, na LUKU huisha usiku wa manane. Anayemiliki jokofu lazima ajue hesabu hizi. Jokofu lisilofunguliwa hubaki salama kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa, ikifungwa tu, huhimili karibu saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Kumbe kufungua mara kwa mara ili kuona kama bado pana baridi ndiko kunakoiondoa baridi hiyo. Jazeni nafasi zilizobaki kwa chupa za maji yaliyoganda, zitarefusha muda.

Je, kama ulisafiri kwenda Mugumu au Sirari na hujui umeme ulikatika kwa muda gani? Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, uache ndani ya friza. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini na maji yameganda juu yake, friza ilikwisha kuyeyuka na kuganda tena. Nyama iliyomo usiile, japo ni ngumu kama jiwe. Chakula ambacho bado kina chembe za barafu, au kina baridi ile ya jokofu, kinaweza kugandishwa tena. Kilichopata joto zaidi ya saa mbili kitupwe, na kisipewe mtu mwingine wala kuonjwa kwa kubahatisha. Bakteria wanaowafanya watu waugue mara nyingi hawabadilishi harufu wala ladha.

Tuna walimu wazuri wa jambo hili hapa hapa. Kwenye vituo vya afya, jokofu la chanjo lina kipimajoto, na muuguzi huandika nyuzijoto kwenye karatasi asubuhi na jioni, kwa sababu chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Chanjo inalindwa kwa kupimwa. Kipimajoto kidogo cha jokofu si ghali, na hakihitaji shahada.

Hoja ya saba: Asiye na jokofu ana haki ileile

Nyumba nyingi za vijiji vyetu bado hazina jokofu, na elimu ya usalama wa chakula isiwe ya wenye umeme peke yao. Pikeni kinachotosha mlo. Ongezeni moto ili chakula kinachosubiri wageni kibaki cha moto kweli, juu ya nyuzi 60, kisiwe cha vuguvugu. Maziwa yaliyochemshwa kisha kugandishwa kuwa mtindi kwa njia safi huwa na uchachu unaowazuia bakteria wengi. Dagaa na samaki waanikwe juu ya vichanja, mbali na mchanga na kuku, mpaka wakauke hasa.

Kukausha nako kuna masharti. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumukuvu hutokana na ukungu, na ukungu hupenda nafaka isiyokauka sawasawa. Punje zenye ukungu haziokolewi kwa kusagwa, kwa kupikwa, wala kwa baridi.

Hitimisho: Tunakokwenda

Ndugu Mwenyekiti, Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 7 Juni kuwa Siku ya Usalama wa Chakula Duniani, na iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2019. Napendekeza siku hiyo ijayo isitupite bila kazi. Kwa Halmashauri, napendekeza maafisa afya wanapokagua bucha, migahawa na maduka waingie na kipimajoto, wapime baridi ya friza mbele ya mwenye duka, na wamfundishe kabla ya kumwadhibu. Kwa walimu, napendekeza wanafunzi wapewe kazi ya kupima na kuandika joto la jokofu moja kwa wiki mbili, nyumbani au dukani, na kuchora mchoro wake. Humo mna hesabu, sayansi na maarifa ya nyumbani kwa pamoja. Kwa wauza nyama na samaki, napendekeza waungane kununua barafu, kwa kuwa mmoja mmoja ni gharama, lakini kumi pamoja wanaweza. Kwa kila nyumba, naomba mambo matatu yaanze wiki hii: nyama mbichi ishuke chini, kiporo kigawanywe kwenye vyombo vifupi, na sarafu iingie kwenye friza.

Miaka michache ijayo jokofu litakuwa kitu cha kawaida katika vijiji vya Tarime na Serengeti kama ilivyo simu leo. Watoto watakaokua na majokofu hayo wanatutazama sasa ili wajue namna ya kuyatumia. Tukiwafundisha kuhesabu saa tangu buchani na mwaloni mpaka mezani, watakuwa na afya ambayo sisi tuliipata kwa bahati, na wao wataipata kwa maarifa.

 Sasa karibuni kwa maswali, na naomba tuanze na akina mama waliokaa nyuma.